Tundu Chini ya Mlango wa Nyuma

Gari letu lilikaa Mokowe, upande wa bara, na sisi tulikaa Amu, kisiwani Lamu. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa kisiwani mwenye gari: unaliacha ng'ambo karibu na gati, chini ya mwarobaini wa mtu mliyesikilizana naye, kisha unapanda boti na kurudi kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana lazima mmoja asubiri. Marehemu mume wangu alikuwa akivuka kila Jumamosi kwenda kuliwasha. Alipofariki, kazi hiyo ikawa yangu. Nilivuka Jumamosi mbili kwa mwezi, nikaketi kwenye kiti chake, nikaisikiliza injini kwa dakika kumi, nikaizima, nikarudi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nasema nitaliuza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kirinyaga, na wakati wa mambo haya nilikuwa nimebakisha miaka minne nistaafu. Nilipanga ghorofa ya juu kwenye nyumba ya mama mmoja wa mji wa kale. Yeye aliishi chini, peke yake, watoto wake wakiwa Mombasa na Uarabuni. Nilimwita Bi Mkubwa, naye aliniita Mwalimu. Alikuwa akishona kofia za kiume, zile za mkono zinazochukua miezi, na mwaka ule alianza kukosea matundu ya sindano.

"Mato yangu yamengia ukungu," aliniambia asubuhi moja. Waamu husema mato, si macho. "Uzi naupisha kwa kubahatisha."

Ulikuwa mtoto wa jicho, na jicho la kulia ndilo lililokuwa baya zaidi. Zahanati moja ya macho kule Malindi ilimpa siku ya kupasuliwa, na siku hiyo iliangukia likizo ya shule. Basi la abiria aliliogopa, lilimtikisa mgongo. Nikamwambia, "Nitakupeleka mimi, Bi Mkubwa. Gari liko." Nilisema kwa fahari kidogo. Haikuwa mara nyingi gari lile kunipa cha kujivunia.

Tulivuka kwa boti ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Alikuwa amevaa buibui jipya, mkononi ana kikapu chenye mikate ya mofa na chupa ya chai. Tulipofika chini ya mwarobaini, niliona gari limeinama upande mmoja. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limelala kabisa, rimu inakaribia mchanga.

Jua lilikuwa limeshaanza kuuma. Bi Mkubwa alitaka kukaa, na mahali pekee penye kivuli na mto wa kuegemea ni kiti cha nyuma, upande uleule wa kushoto. Nikamfungulia mlango, nikamwambia, "Kaa tu ndani. Ni dakika kumi."

Lazima niseme hapa kwamba sikuwa nimewahi kubadilisha tairi. Mume wangu hakuniruhusu kugusa jeki. "Hii si sufuria," alikuwa akisema, nami nasimama kando nimeshika spana kama mtu anayeshika taa. Nilidhani kwa kutazama miaka yote ile nilikuwa nimejua. Unaitoa jeki kwenye buti, unaiweka chini ya gari, unazungusha mpaka gurudumu linyanyuke. Ndicho nilichokiona mimi, na ndicho nilichokifanya.

Jeki ilizama mchangani. Nikatafuta kipande bapa cha jiwe la matumbawe, nikakiweka chini yake. Nikatazama ule ukingo wa chuma unaopita chini ya milango, nikachagua mahali palipoonekana bapa na safi, mbali na gurudumu ili mkono wangu upate nafasi. Sikuweka kabari mbele ya magurudumu mengine. Handibreki niliivuta, lakini ilikuwa imelegea tangu enzi za marehemu. Nikazungusha. Gari likapanda, taratibu, likilia kidogo, na nikaona fahari yangu inarudi. Gurudumu lilipoachana na mchanga ndipo nikakumbuka kwamba nati bado zimekaza.

Nikaitia spana kwenye nati ya kwanza, nikavuta. Haikutoka. Nikasimama juu ya mpini wa spana kwa mguu mmoja, na uzito wangu wote si haba, nikaruka.

Gari lilitikisika. Lile jiwe likavunjika kama biskuti. Nilisikia mkwaruzo, kisha sauti kama ya mkebe wa samli unaokanyagwa, na gari likashuka, jeki ikiwa imeingia ndani ya bodi lake. Kutoka ndani nikasikia, "Yaa Latifu!"

Nikaurukia mlango. Haukufunguka. Ule ukingo ulikuwa umekunjika kwenda juu, ukaubana mlango chini kabisa. Nikazunguka upande wa pili, nikaingia nusu, nikamvuta Bi Mkubwa kwa mikono yote miwili, naye akajikokota juu ya kiti, ushungi umemtoka, kikapu kimepinduka, chai imemwagika kila mahali.

"Umeumia?"

"Sikuumia," alisema. "Nitengenezee ushungi wangu, wanaume wanakuja."

Walikuja kweli: mchukuzi mmoja wa gatini na dereva wa lori la saruji aliyekuwa akingoja kupakuliwa. Walilinyanyua gari kwa mabega, wakaing'oa jeki, ambayo sasa ilikuwa imepinda kama mtu mwenye kibiongo. Dereva wa lori alilazimika kuleta jeki yake mwenyewe. Aliiweka chini ya ekseli, juu ya ubao, akafunga tairi la akiba kwa muda ambao mimi nilitumia kufuta mchanga usoni. Pale jeki yangu ilipoingia palikuwa na tundu ninaloweza kupitisha ngumi.

"Hii ni bodi tu, mama," dereva aliniambia. "Tunapiga nyundo kidogo mlango ufunguke, unaenda zako. Utatengeneza ukirudi."

Nilitaka sana kumwamini. Nilitazama saa. Bado tungewahi. Nikamwambia apige.

"Mimi gari hili singii," alisema Bi Mkubwa. Alikuwa ameketi juu ya gunia la saruji, mgongo umenyooka, buibui limelowa chai.

"Bi Mkubwa, daktari anakungoja. Siku hii tumeipata kwa shida."

"Daktari atangoja. Nirudishe kwangu."

Nilijaribu tena, kwa ile sauti ninayoitumia darasani. Alitazama upande wa bahari kama sipo. Basi nikafunga gari, nikachukua kikapu, tukarudi gatini. Kwenye boti nilimkasirikia, na hasira yangu ilikuwa na haki yote kwa muda wa nusu saa ile. Nilikuwa nimeamka kabla ya adhana, nimeloa jasho, nimeharibu gari, na yule niliyemfanyia yote hayo ananiogopa. Zahanati walipopokea simu walitupa siku nyingine, wiki sita mbele.

Jioni ileile aliniita kutoka chini. Nilimkuta kitandani, kanga imefunuliwa pajani. Ngozi ilikuwa nyekundu kutoka nyonga mpaka karibu na goti, na malengelenge mawili yamevimba. Chai ilikuwa imemwunguza asubuhi, naye alikaa na maumivu yale juu ya gunia la saruji, ndani ya boti, na kwenye ngazi za nyumbani, kimya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wali una mzigo wako," alisema, kwa Kiamu, yaani ulikuwa nao. "Nikuongezee wa nini?"

Nilikwenda duka la dawa, nikarudi na marhamu na bendeji. Nilimpaka kwa siku kumi na mbili, asubuhi na jioni. Sikulia mbele yake. Nilipanda juu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa bado nimevaa viatu, na mwili ukakataa hata kulala.

Fundi alipatikana Mpeketoni. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu wa maneno, mwenye macho mekundu ya mtu anayechomelea bila kioo. Alikuja Mokowe Jumamosi na pikipiki, mashine yake ya kuchomelea imefungwa nyuma, akavuta umeme kutoka nyumba ya mwenye mwarobaini. Kabla ya kuligusa gari alilizunguka mara mbili. Kisha akalala chini.

"Nani aliweka jeki hapa?"

"Mimi."

"Na hapa?"

"Wapi?"

"Njoo uone."

Nina magoti mabaya. Nililala ubavu juu ya gunia, nikachungulia. Kwanza alinionyesha mafuta, mstari mwembamba unaong'aa chini ya sakafu ya gari. Bomba la breki lilipita mle mle pembeni, na jeki ilikuwa imelibana mpaka likapasuka. Mafuta ya breki yalikuwa yakivuja tone kwa tone tangu siku ile.

"Ungeendesha hili gari," alisema, "ungefika Hindi vizuri tu. Ungefika hata Witu. Halafu ungekanyaga breki, mguu uende mpaka chini."

Nilikuwa namwona Bi Mkubwa juu ya gunia lake la saruji. Hakujua lolote kuhusu breki. Aliogopa tu, akakataa, na mimi nikamnunia wiki nzima huku nikimpaka dawa.

Kisha fundi akachukua bisibisi, akagonga ule ukingo mbele kidogo ya tundu langu. Ulitoa sauti ya kitu kilichokufa. Akachokoa. Ganda la rangi likabanduka, na chini yake hapakuwa na chuma. Palikuwa na puti, ule udongo wa kuzibia bodi, vipande vinene vya puti, na ndani ya puti wavu wa dirisha, na ndani kabisa gunia la unga lililokunjwa vizuri na kushindiliwa. Gunia lilikuwa limelowa. Kutu ilimwagika kama majani ya chai.

"Huyu wa kwanza alikosea kama wewe," alisema fundi. "Jeki iliingia. Badala ya kuchomelea akaziba. Puti haibebi uzito, mwalimu. Inabeba maji tu. Chuma kimeoza kutoka ndani, na wewe ukaja kuweka jeki jirani yake."

Mpaka alipofariki, gari lile halikuwahi kuwa na dereva mwingine ila mume wangu. Tena nilikumbuka. Msimu mmoja wa masika alirudi kutoka Mokowe Jumamosi tatu mfululizo akiwa na unga wa rangi ya maziwa kwenye kucha, akaniambia anamsaidia rafiki kupaka chokaa. Nikamletea ndimu ajisugulie. Nilimsugua mimi mwenyewe, kidole kwa kidole, naye akitazama pembeni. Na baada ya hapo ndipo alipoanza kusema hii si sufuria.

"Unamjua?" fundi aliuliza.

"Namjua," nikasema. "Endelea na kazi."

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Fundi alikuwa na jeki fupi nene kama chupa, akaiweka juu ya ubao mpana ili isizame, akatia kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na gari lilipopanda akaweka stendi mbili za chuma akalishusha juu yake. "Jeki ni ya kunyanyua," alisema. "Si ya kushikilia. Usiingize hata kidole chini ya gari linaloshikiliwa na jeki." Alitoa kiti cha nyuma na zulia visishike moto, akafungua betri. Kisha akakata. Alikata na kukata, nami nikawa naona gari linaisha, mpaka nikamwuliza anaishia wapi.

"Mpaka nipate chuma kizima. Ukichomelea juu ya kutu unadanganya."

Alipokipata, lilikuwa limebaki pengo refu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole. Akakunja bati nene kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akalipima, akalikunja tena, akalichomelea. Pale palipokunjwa tu bila kuoza alipashika kwa koleo, akapavuta chini kidogo kidogo mpaka mlango ukaanza kufunga. Siku ya pili alisugua, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaziba maungio, na ndani ya ule ukingo akapuliza mafuta mazito yanayonuka. Rangi ya juu haikufanana. Aliniomba radhi kwa hilo. Nilimwambia aiache hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa ya breki. Aliweka bomba jipya, kisha akanipandisha kwenye usukani tutoe hewa.

"Kanyaga."

Nikakanyaga.

"Shikilia. Shikilia. Achia. Kanyaga."

Tulifanya hivyo kwa kila gurudumu mpaka paja langu likaanza kutetemeka. Nilidhani tumemaliza. Fundi akatoa jeki mpya niliyonunua, akaitupa mchangani miguuni pangu.

"Sasa badilisha tairi."

"Tairi ni zima."

"Najua."

Jua lilikuwa kichwani. Nilitaka kwenda nyumbani. Lakini nimekaa mbele ya watoto zaidi ya miaka thelathini nikiwaambia rudia, rudia, na sikuona la kujitetea. Akanionyesha mahali: kwenye ukingo, kiganja kimoja mbele ya gurudumu la nyuma, kuna mikato miwili midogo, na katikati yake chuma kimetiwa tabaka mbili. Miaka yote ile sikuwahi kuiona. Nikaweka ubao. Nikaweka kabari. Nikaweka jeki, nikaanza kuzungusha.

"Nati," alisema.

Nikashusha. Nikalegeza nati kwanza, gurudumu likiwa limekanyaga chini, halafu nikanyanyua. Alinirudisha mara tatu. Mara ya tatu akaanza tu kufunga mashine yake kwenye pikipiki.

Jioni ile nilishuka kwa Bi Mkubwa. Paja lilikuwa limepona, limeacha baka la rangi ya waridi. Nilimweleza habari ya bomba la breki, nikamwomba radhi kwa kumnunia. Alipokea radhi kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayepokea chenji. Kisha nikamweleza habari ya puti na gunia la unga. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Nilimwambia nimekasirika na sina wa kumkasirikia, na kwamba mtu angeweza kufa ndani ya gari lile kwa sababu mume wangu hakutaka nijue kwamba amekosea.

"Alikuonea haya," alisema.

"Haya ya nini? Mimi ni mkewe."

"Ndiyo maana. Ungekuwa jirani angekwambia." Alijishika paja lake juu ya kanga. "Si kwamba alifanya vyema, Mwalimu. Alifanya vibaya. Lakini kuona haya humfanyisha mtu mambo hayo."

Haikunitosha, na hata leo hainitoshi. Lakini nililala usiku ule.

Wiki sita zilipotimia niliomba ruhusa shuleni, tukavuka tena. Nililipasha gari moto, nikakanyaga breki mara kumi kabla ya kuondoka. Bi Mkubwa alisimama nje akinitazama nikikanyaga. Kisha akaingia, akaketi mbele, kando yangu, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akashika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Aliushika mpaka Witu. Baada ya Witu akasema, "Ndia hii ni ndefu, Mwalimu," akalala.

Walimpasua jicho la kulia alasiri ileile. Tulilala nyumba ya wageni karibu na zahanati, kitanda kimoja yeye, kingine mimi, tukisikia feni ikikwaruza dari. Asubuhi muuguzi alimfungua kitambaa. Bi Mkubwa alipepesa, akatazama ukuta, akatazama mikono yake mwenyewe pande zote mbili, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mwalimu," alisema, "kumbe una mvi namna hii!"

"Ninazo siku nyingi, Bi Mkubwa."

"Na umekonda. Mbona hukuniambia umekonda?"

Muuguzi alicheka. Mimi pia nilicheka, ila kicheko kilitoka na machozi, na nikashindwa kukizuia, nikawa nimesimama pale katikati ya chumba cha watu wagonjwa nikifuta uso kwa mtandio. Bi Mkubwa alinishika mkono, akauacha nilipomaliza. Tulirudi Mokowe salama kabla ya boti ya mwisho.

Jicho la kushoto lilipasuliwa mwaka uliofuata, na safari hiyo mwanawe alikuja kutoka Mombasa kumpeleka. Mimi nikaamua kuliuza gari kweli. Magoti yangu hayataki tena mchanga, na mwanangu wa kiume aliye Nairobi amechoka kuniuliza nitaliuza lini.

Mwezi uliopita alikuja mnunuzi, mfanyabiashara wa mbao kutoka Hindi. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akapiga tairi teke. Akaniuliza kama limewahi kugongwa.

"Halikugongwa," nilisema. "Lakini lala hapa nikuonyeshe."

Nilimtandikia gunia. Nilimwonyesha bati jipya lilipoanzia na lilipoishia, nikamweleza jeki ilivyoingia mara mbili, ya kwanza na ya pili, na nani aliweka ipi. Nilimwonyesha bomba la breki na ile mikato miwili. Alisikiliza akiwa chini, kisha akainuka, akajipangusa mchanga mabegani.

"Hapa mimi nisingeona kitu, mama," alisema. "Kwa nini umenionyesha?"

"Nimechoka na puti," nikamwambia.

Alisema atanipigia simu. Bado hajapiga. Jumamosi hii nitavuka tena kwenda kuliwasha.